Papa Maabara anajibu: Matumbawe bila kuuza lupango (kiwanja)

Mwezi uliopita nilitaja kwa kupita tu kwamba sebuleni kwangu kuna tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe. Barua zilizofuata zimewazidi hata wenye visima na birika zenye ukoko wa chokaa, ambao ndio wateja wangu wa kila mwezi. Sikutegemea. Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 1000 kutoka bahari yoyote, na samaki tunaowajua wengi wetu ni wa Mweru na Tanganyika, tena kwenye sahani, kando ya bukari. Basi safu yote ya mwezi huu ni ya bahari. Aliyeuliza kuhusu kutu ya mabati asubiri toleo lijalo.

Jambo Papa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimeweka akiba ya dola 300, nataka tangi la matumbawe na samaki wawili. Muuzaji mmoja hapa mjini ameniambia bila dola 1500 nisijisumbue. Ni kweli? Na nikianza, nianzie wapi?
Mwalimu, Kamalondo

Mwalimu, muuzaji amekupigia hesabu ya tangi analotaka kukuuzia yeye. Dola 300 zinatosha kuanza, kwa kubanabana, ukikubali tangi dogo, matumbawe laini, na miezi miwili au mitatu ya kutazama mawe na maji matupu. Hazitafika kwenye wanyama. Wanyama utawanunua kwa akiba itakayofuata, na hapo hujapoteza kitu, kwa sababu tangi lenyewe halitakuwa tayari kuwapokea mapema kuliko hapo.

Nenda kwa fundi wa vioo, si kwenye duka la samaki. Akukatie kioo cha milimita 6, tangi la sentimita 60 kwa 35 kwa 35. Likijaa linabeba lita 70 na kidogo. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga unabaki na lita 55 hivi za maji. Usishuke chini ya hapo. Maji kidogo huchafuka upesi, hupoa upesi na hupanda chumvi upesi, na anayeanza hawezi kukimbizana nayo. Silikoni iwe ile inayonuka siki wakati wa kukauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni ya bafuni imetiwa sumu ya kuvu, na kilicho sumu kwa kuvu hakitawabembeleza wanyama wako. Iache ikauke wiki nzima. Kisha weka tangi juu ya gazeti kavu, lijaze maji ya robine (bomba), lala. Asubuhi lipapase gazeti kwa kidole kona kwa kona. Kona moja ikiwa imelowa, hata ukubwa wa faranga ya sarafu ya zamani, mrudishie fundi kabla hujamlipa salio. Na uwe na meza ya kweli: maji, kioo na mawe pamoja ni karibu kilo 100, na kabati la televisheni la mbao za kubandikwa halitavumilia.

Watakuambia unahitaji mtambo wa kutoa povu, tangi la pili chini ya la kwanza, na vichujio vya kila namna. Kwa lita 55 huvihitaji. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, aliyekuwa akiishi Jakarta, Indonesia, alieleza jinsi alivyokuwa akifuga samaki na matumbawe kwa mawe hai ya baharini, mwanga wa jua na mapovu ya hewa tu. Bakteria waliomo kwenye matundu ya mawe ndio waliosafisha maji. Yeye alikuwa na bahari karibu ya kuchota. Sisi tunalipia umbali wetu kwa kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Kwa tangi lako ni lita 5 au 6, yaani chumvi ya gramu 200 hivi. Hiyo ndiyo gharama yako ya kudumu, pamoja na umeme.

Fedha zako zigawe kwa mpangilio huu: kwanza kichujio cha maji (soma jibu la mama wa Golf hapa chini), halafu chumvi ya akwariamu, refraktomita ya kupimia chumvi, pampu mbili ndogo za kuzungusha maji, hita, na taa za LED zenye mwanga mweupe uliochanganywa na buluu. Refraktomita usiibadilishe na kile kibao cha plastiki chenye mshale. Mshale ukishikwa na kipovu kimoja cha hewa unakudanganya, nawe unarekebisha maji ambayo hayakuwa na tatizo. Unatafuta 1.025 au 1.026, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matamu, kwenye joto la nyuzi 25. Chumvi ichanganye kwenye ndoo yake, pampu ikiwa ndani, usiku mzima. Usiimwage tangini kwenye wanyama hata kama una haraka.

Mawe na mchanga vikishakaa, tupia kipande cha nyama mbichi ya kamba wa baharini, ukubwa wa ncha ya kidole, kioze. Amonia itapanda. Bakteria watakuja kuigeuza nitriti, na wenzao wataigeuza nitriti kuwa nitrati. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, na kama mawe yako ni makavu inaweza kuzidi. Pima. Amonia na nitriti zikisoma sifuri zote mbili, siku kadhaa mfululizo, badilisha maji mengi kwa mara moja, kisha ingiza konokono. Halafu matumbawe laini: yale ya uyoga, yale ya ngozi, na zoantasi, zile zinazofanana na vishikizo vya shati. Hayo hayadai kalsiamu nyingi, na yanastahimili makosa ya mtu anayejifunza. Mlo wao mkubwa ni mwanga, kwa sababu ndani ya nyama yao wanaishi mwani wadogo wanaotengeneza sukari na kuwagawia wenyeji. Samaki waje mwisho. Wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliozaliwa kwenye vituo vya kufugia na si waliovuliwa, wanatosha kabisa. Hawahitaji anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri, hata kama watoto wa shule yako watakuambia wameona vingine kwenye katuni.

Papa, kamba wangu wanakufa. Nimewanunua zaidi ya mara moja. Wakiingia tangini, baada ya saa chache wanaanza kujirusha, kesho yake wamelala ubavu. Samaki wako salama kabisa, wanakula. Maji ni ya robine, nayachemsha kwanza ili kuua vijidudu. Chumvi ni ile yenyewe ya akwariamu, ya ndoo. Tangi limependeza, nimelipamba kwa mawe ya malakiti na msalaba wa shaba wa marehemu baba.
Mama mfanyabiashara, Golf

Mama, soma tena sentensi yako ya mwisho.

Malakiti ni madini ya shaba. Ukiisaga kilo moja, zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba tupu, asilimia 57. Ule ukijani tunaouza kwa wageni kama mikufu na visahani vya majivu ndiyo shaba yenyewe. Msalaba wa baba nao ni shaba ya kuyeyushwa, ukaulaza ndani ya maji ya chumvi, ambayo hula metali mchana na usiku. Vitoe vyote viwili leo. Msalaba ukaushe uurudishe ukutani. Najua hukufanya hivyo kwa ubaya.

Mimi nimekula mkate wangu wote wa kazi nikipima shaba katika maabara ya kiwanda, katika mji ambao tanuru lake la kwanza liliwashwa mwaka 1911 kwa ajili ya shaba hiyohiyo. Nikifika nyumbani naikimbia. Mwanadamu anaivumilia vizuri: Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu 2 kwa lita katika maji ya kunywa. Sasa weka kando ya hiyo namba nyingine. Wafugaji wa samaki wa baharini wanapotaka kuua vimelea kwenye ngozi ya samaki hutumia dawa ya shaba, na dozi yake ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Samaki hupona. Kamba, konokono, kaa duvi na matumbawe yaliyosahaulika humo ndani hufa. Kwa hiyo maji halali ya kunywa, yasiyo na kosa lolote kwa mtoto wako, yanaweza kubeba shaba mara 10 ya dozi inayoua kamba. Ndiyo maana samaki wako wanakula kwa furaha huku kamba wanajirusha. Na kinachonichekesha kidogo, samahani Mama, ni kwamba damu ya kamba yenyewe hubeba hewa kwa kutumia shaba, pale ambapo yetu hutumia chuma. Anaihitaji, ila kwa kipimo chake, si chetu.

Kuchemsha hakukusaidii. Moto unaua vijidudu, lakini shaba haiondoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, shaba inabaki palepale, kwa hiyo umeiongezea ukali. Maji ya mvua nayo usiyakimbilie: yanapita juu ya mabati yenye zinki na vumbi la barabara ya lori za madini. Na maji yaliyolala usiku ndani ya bomba la shaba au kwenye robine ya shaba nyeupe ndiyo mabaya kuliko yote. Dawa ni kichujio cha osmosi, kinachosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba, chenye kopo la resini (punje zinazonasa madini) mwishoni. Nunua na kalamu ya kupimia chumvichumvi za maji. Maji yetu ni mazito kwa chokaa, ukiichovya kwenye maji ya robine itaruka juu. Kwenye maji yaliyotoka kwenye resini lazima isome 0. Ikianza kusoma 3 au 4, resini imechoka, ibadilishe. Kichujio kinatupa lita 3 au 4 kwa kila lita safi. Usizimwage. Fulia, oshea gari, mwagilia lengalenga.

Ukitaka kuhakikisha, peleka chupa kwenye maabara yoyote inayopimia makampuni ya madini. Peleka maji kabla hayajatiwa chumvi, kwani chumvi huvuruga kipimo. Na uulize mapema chombo chao kinashuka hadi kiwango gani. Wakikuandikia "chini ya 0.1", karatasi ni nzuri na ina muhuri, ila kwa kamba bado hujaambiwa kitu, kwake hata sehemu ya hapo ni nyingi.

Sasa habari isiyopendeza. Mawe ya chokaa na mchanga hunyonya shaba na kuiachia taratibu. Ulivyo navyo usivirudishe. Kioo kioshe kwa siki na maji mengi, pampu vilevile, kisha anza na mawe mapya. Mawe mapya yasitoke porini kwetu, wala kwenye ule mlima mweusi wa taka za tanuru, hata kama yanapendeza. Katanga jiwe lenye rangi nzuri lina sababu ya kuwa na rangi nzuri. Unaweza kuyaumba mwenyewe kwa saruji na mchanga mweupe wa chokaa, kisha uyaloweke wiki 6 hadi 8 ukibadilisha maji, mpaka pH, kipimo cha uchachu wa maji, iache kupanda juu ya 8.5. Ni kazi ya uvumilivu, ila bei yake ni ya saruji.

Papa, yaya wangu (kaka yangu mkubwa) anaendesha lori kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Amesema anaweza kuniletea mapipa ya maji ya bahari bure, na matumbawe hai ya kule kwenye bidoni. Hii si ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote? Kama haifai, je, nikitumia chumvi ya kupikia?
Mfanyabiashara, Ruashi

Ndugu, yaya wako ana moyo mzuri, ila hesabu inamkataa. Pipa moja la lita 200 za maji ya bahari lina uzito wa kilo 205. Chumvi ya kutengenezea lita 200 hizohizo haizidi kilo 8, inaingia kwenye ndoo na kukaa chini ya kiti cha abiria. Tena maji ya bahari si maji tu: yamejaa viumbe wadogo wasioonekana, ambao ndani ya pipa lenye giza na joto hufa na kuoza. Ongeza foleni ya Tunduma, ongeza foleni ya Kasumbalesa. Litakapofunguliwa pipa huko Ruashi, majirani watakuuliza umezika nini. Na maji yanayochotwa karibu na bandari yana mafuta ya meli juu yake.

Mwambie akuletee ndoo ya chumvi ya akwariamu, na risiti.

Matumbawe hai usimwambie kabisa. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Kongo ni mwanachama. Kuyavusha mpaka bila kibali cha nchi yanakotoka ni kosa, si jambo la kumalizana na mtu kwa soda. Yaya wako ana lori na familia. Usimfanye mlanguzi kwa ajili ya pambo la sebule. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, vyenye karatasi zake, au subiri mwenzako wa hapahapa mjini akate kipande cha uyoga au ngozi akupe. Matumbawe laini hukatwa kwa wembe na kuota tena. Baada ya mwaka kila mwenye tangi zuri ana vya kugawa, na hapo ndipo gharama inaposhuka kweli.

Chumvi ya kupikia: hapana. Katika chumvi ya bahari, natiri na klorini huchukua takriban asilimia 85 ya uzito. Asilimia 15 zinazobaki ni magnesiamu, salfa, kalsiamu, potasiamu na vingine vidogovidogo, na humo ndimo uhai wa matumbawe ulimo. Chumvi ya jikoni ina yale mawili ya kwanza na iodini iliyoongezwa kwa afya yetu. Samaki wataogelea siku chache. Matumbawe yatafunga milango na hayatafungua tena.

Jambo Papa. Kwetu delestaji (mgao wa umeme) inaweza kuanza saa 12 jioni na umeme usirudi mpaka asubuhi. Sina fedha za grupe (jenereta). Ni nini kitakufa kwanza, na nifanye nini kwa bei ya mwanafunzi?
Mwanafunzi, Kasapa

Mwanangu, taa usizihesabu. Matumbawe yanastahimili giza siku moja au mbili bila kulalamika. Baharini nako kuna mawingu na dhoruba. Joto nalo linashuka polepole. Kinachoua ni kukosa hewa, na sisi tuko mahali pabaya kwa hilo. Lubumbashi iko mita 1200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar es Salaam au Matadi. Maji ya chumvi nayo hushika pungufu kuliko maji matamu, kama moja ya tano. Maelekezo yaliyoandikwa na watu wa pwani yanayosema samaki watavumilia saa kadhaa, wewe yapunguze.

Jifunze kuangalia uso wa maji. Pampu ikisimama, baada ya muda utaona utando mwembamba unaong'aa kama mafuta umetanda juu. Huo unaziba njia ya hewa. Samaki wataacha kuzunguka, watapanda kwenye kona ya juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanafunguka na kufunga haraka. Ukiona hivyo huna muda wa kutafuta simu. Chukua kikombe, chota maji, yamwage kutoka juu kiganja kimoja na nusu, dakika 5, pumzika, rudia kila nusu saa. Inachosha mkono, lakini inaokoa.

Kwa bei yako: pampu ya hewa ya volti 12, ile ndogo ya wati 3, na batri kuukuu ya pikipiki. Batri ya risasi usiimalize zaidi ya nusu. Yenye saa-ampea 7 itakupa saa-wati 42 za kutumia, yaani saa 14 za mapovu. Hesabu hiyo ni ya batri yenye afya. Kuukuu itakupa chini ya hapo, ijaribu mchana kabla hujaiamini usiku. Ukipata batri ya gari ya saa-ampea 50, unaweza kuzungusha pampu ya wati 10 usiku mzima na ikabaki akiba. Usiku wa delestaji usiwalishe samaki. Chakula kisicholiwa huoza, na kuoza kunakula hewa ileile.

Juni na Julai ndiyo tatizo la pili. Usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na tangi linataka 24 hadi 27. Zungushia pande tatu na chini bamba za polistireni zile za kufungia friji, weka blanketi juu ila uache upenyo wa hewa. Chupa za plastiki zenye maji ya moto, zilizofungwa vizuri na kuelea tangini, husaidia. Hita nunua mbili za wati 50 badala ya moja ya wati 100. Moja ikikwama kwenye kuwaka haina nguvu ya kumpika mtu, ikifa nyingine inashikilia. Oktoba joto likigeuka, feni ndogo inayopuliza juu ya maji itakushushia nyuzi mbili tatu.

Na mbabula, jiko la makaa, usiiingize chumbani kwa ajili ya samaki. Makaa yanatoa gesi itakayokuua wewe kwanza. Hata mlango ukiwa wazi nusu, hewa ya ukaa inayoingia kwenye maji inashusha pH. Nimekwisha kusikia mipango hiyo, najua baridi ya Kasapa.

Papa, mawe ya tangi la mume wangu yamejaa utando mwekundu unaoteleza na majani ya kijani. Nimechoka kuyasugua. Je, nikiyachemsha kwenye sufuria kubwa kama ninavyofanya chupa za mtoto?
Mama wa watoto watatu, komini ya Kenya, Lubumbashi

Mama, tafadhali usiyachemshe. Zile zoantasi zinazofanana na vishikizo vya shati, hasa jamii ya Palythoa, baadhi yao wana palitoksini, moja ya sumu kali kuliko zote zinazotoka baharini. Jiwe likichemshwa, sumu inapanda na mvuke, na kuna familia zilizolazwa hospitali kwa kufanya hivyohivyo jikoni. Usiyasugue kwa brashi kavu, usiyapige na maji ya shindikizo. Ukishika, vaa glavu na miwani, na usiguse jicho. Mtoto asiruhusiwe kutia mkono tangini. Mwambie hilo mume wako kwa sauti.

Utando mwekundu hauhitaji moto. Unyonye kwa mpira mwembamba siku ya kubadilisha maji, punguza chakula nusu, elekeza pampu moja upande huo, na uhakikishe maji yanayotumika yamechujwa. Wingi wa mwani ni wingi wa nitrati na fosfati, basi. Konokono wachache watamaliza ya kijani.

Maji yangu yanapungua kila siku. Naongezea maji ya chumvi, lakini refraktomita inazidi kupanda. Kwa nini?
Kijana wa Katuba

Kwa sababu yanayopaa ni maji, chumvi haipai. Ongezea maji matupu yaliyochujwa, kidogo asubuhi, kidogo jioni. Weka alama ya kalamu kwenye kioo uone yameshuka kiasi gani.

Papa, nimesoma majibu yako yote ya zamani na najua utasema niwe na kichujio, chumvi, hita mbili. Sina. Nina tangi, pampu ya hewa, na watoto wanaotaka kuona samaki wenye tabia, siyo wa kuzunguka tu. Bahari inanishinda. Kuna cha kuifuata kwa karibu?
Baba, Kampemba

Baba, wewe ndiye niliyemsubiri. Kuna ziwa letu. Maji ya Tanganyika yana pH ya karibu 9 na ni mazito kwa madini, kwa hiyo ile chokaa ya robine inayowasumbua wote niliowajibu hapo juu, kwako ni neema. Acha maji kwenye ndoo pana siku moja, yakipulizwa hewa, ili klorini ya kusafishia ipae. Hita utahitaji moja, kwa miezi ya baridi.

Tafuta samaki wa makombe, hasa Neolamprologus multifasciatus. Dume mkubwa ni sentimita 5 tu, jike mdogo zaidi, mwili wote michirizi myembamba. Chini ya ziwa wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono Neothauma, ambaye hapatikani kwingine duniani. Sita au wanane wanatosha kuanzisha kijiji kwenye tangi lako la sentimita 60. Wapo zaidi upande wa kusini wa ziwa, kwa hiyo wanaofika kwetu hupitia Zambia. Usichanganye na samaki wengine wakubwa.

Weka mchanga laini wa unene wa sentimita 5 au 6, na makombe mawili kwa kila samaki, mdomo ukiangalia juu. Kama hupati ya Neothauma, ya konokono wa nchi kavu yanafaa, yakiwa makubwa kiasi cha samaki kugeuka ndani na yamechemshwa vizuri. Haya hayana sumu. Usiyapange kwa ustadi, watayapanga wenyewe. Ndani ya wiki moja watoto wako wataona samaki mwenye urefu wa kidole akichimba kwa mdomo, akitema mchanga, akilizamisha kombe lake mpaka ubaki mlango tu, kisha akimfukuza jirani aliyesogea hatua mbili. Watoto wa samaki watatokea mlangoni siku moja bila kutangazwa, wadogo kama mbegu ya mchicha. Wasagie chakula kiwe unga. Badilisha robo ya maji kila wiki, na hakuna malakiti.